Shajara ya mradi: kuchagua oili ya difu ya nyuma, Land Rover Series IIA 109

Jumamosi asubuhi: kabla ya kufungua nati yoyote

Injini inawaka vizuri, breki zimekamilika, sasa ni zamu ya ekseli ya nyuma na difu yake, yaani gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu. Katika makaratasi yaliyokuja na gari kuna kipande ambacho mmiliki wa zamani aliandika kwa mkono: "Difu Salisbury, GL-5 tu." Salisbury ni aina ya ekseli, na GL ni daraja la oili ya gia. Kitabu cha gari chenyewe kinataja SAE 90 EP, basi; 90 ni namba ya mnato. Maelekezo haya mawili yanaweza kukubaliana na yanaweza kupingana. Sitamimina kitu humo mpaka nijue ni meno ya aina gani yanazunguka ndani.

EP ni oili iliyotiwa kemikali za kuhimili shinikizo kali kati ya jino na jino. Enzi ambazo kitabu kile kilichapwa, fundi akiambiwa EP 90 alijua achukue kopo gani. Leo makopo yana GL-4, GL-5, 75W-90, 80W-90, 85W-140, mengine yameandikwa GL-4 na GL-5 kwa pamoja, na yote yanadai kufaa kwa difu. Watu wengi huchukua namba kubwa kuliko zote wakiamini ndiyo bora kuliko zote. Kwa gari la zamani sikubaliani na njia hiyo, na sababu zangu nitaziandika humu kadiri kazi inavyoendelea.

Jumamosi mchana: hii ni ekseli gani hasa?

Series IIA ilitengenezwa kuanzia 1961 hadi 1971. Chasisi ndefu, yenye inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, kwa kawaida ilitoka kiwandani na ekseli ya Rover. Ile ya Salisbury, nzito na yenye nguvu zaidi, ilikuja kuwa ya kawaida kwenye chasisi ndefu za Series III katika miaka ya 1970. Tatizo ni kwamba ekseli nzima inahamishika kutoka gari moja hadi jingine bila shida kubwa, na magari mengi ya umri huu yamekwisha kubadilishwa. Kwa hiyo mwaka wa gari hauthibitishi chochote, na kipande cha karatasi vilevile.

Kwa bahati nzuri tofauti inaonekana bila kufungua. Salisbury ina kifuniko mgongoni, kimefungwa kwa bolti kuzunguka duara lote. Ekseli ya Rover mgongo wake ni laini, bati nene la mviringo lililochomelewa, na difu yake hutolewa kwa mbele, upande wa propela shafti (shafti inayoleta nguvu kutoka giaboksi), ikiwa imeshikwa na mduara wa nati. Niliingia chini na tochi, nikakwangua tope lililokauka: mgongo laini. Ni Rover. Maandishi ya mkono yanahusu ekseli ambayo haipo kwenye gari hili.

Jambo hili linabadilisha mjadala wote wa oili. Difu ya Rover kwenye Series ni beveli (gia zenye umbo la koni) ya meno yaliyopinda: mhimili wa pinyoni, gia ndogo inayozungushwa na propela shafti, unaelekea moja kwa moja katikati ya kraunwili, gia kubwa inayopokea nguvu hiyo. Salisbury ni haipoidi: pinyoni imeshushwa chini ya kitovu cha kraunwili. Gia za haipoidi zilibuniwa na kampuni ya Gleason ya Marekani, na Packard walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuzitumia kwenye magari, katika miaka ya 1920. Faida waliyoifuata ni kwamba pinyoni ikishuka, propela shafti inashuka nayo, na sakafu ya gari inashuka. Gharama yake ni kwamba meno ya haipoidi, mbali na kubiringishana, husuguana kwa urefu wa jino huku yakibeba mzigo wote. Msuguano wa namna hiyo hukwangua utando wa oili. Oili tupu isiyo na kemikali haidumu hapo. Meno hushikana, chuma kikang'oa chuma.

Kwenye beveli ya kawaida kuteleza huko ni kidogo zaidi. Inahitaji EP, kitabu chenyewe kinasema hivyo, lakini haihitaji dozi kali kama ya haipoidi.

Jumapili: kuhesabu uwiano

Kabla ya kumwaga oili nilitaka kuhakikisha kwamba hakuna aliyebadilisha difu yenyewe ndani ya ganda la Rover. Njia rahisi ni kuhesabu mizunguko. Inua gurudumu moja la nyuma, lingine libaki chini, gia zote zikae huru, kisha zungusha lile lililo hewani mara 2 kamili huku ukihesabu propela shafti. Kwa kuwa gurudumu moja limezuiwa, mizunguko miwili ya lile jingine ni sawa na mzunguko mmoja wa kraunwili. Yangu ilizunguka mara 4 na zaidi kidogo ya theluthi mbili, yaani 4.7, ambao ndio uwiano wa asili.

Anayetaka kufanya hivi kwenye Land Rover ya zamani asikilize: breki ya mkono ya gari hili haishiki magurudumu. Inashika propela shafti ya nyuma. Ukiinua gurudumu moja la nyuma, hata breki ikiwa imevutwa hadi mwisho, difu inaruhusu lile lililo juu kuzunguka na gari linaweza kuondoka juu ya jeki. Na kwa kipimo hiki lazima uiachie kabisa. Weka vigingi imara mbele na nyuma ya magurudumu ya mbele na ya lile la nyuma lililo chini, na usilaze mwili chini ya gari linaloshikwa na jeki peke yake.

Jumapili jioni: kumwaga

Nati ya kujazia hufunguliwa kwanza, kabla ya ile ya kumwagia. Nati hizi hukaa miaka bila kuguswa, na ukishamwaga oili yote halafu ile ya juu ikagoma, una gari lisiloweza kwenda popote. Ilinibidi kuipasha moto kidogo na kutumia spana ndefu, ikatoka.

Oili iliyotoka ilikuwa nyeusi, nzito, yenye harufu kali ya salfa. Haikuwa na weupe wa maziwa, kwa hiyo maji hayakuingia, jambo zuri kwa gari ambalo bila shaka limevuka mito. Nilipitisha sumaku kwenye beseni: ilibeba tope la kijivu, laini kama rangi ukilisugua kati ya vidole. Huo ni uchakavu wa kawaida wa meno na beringi. Hakukuwa na vipande. Kwenye ekseli ya Rover ninavitafuta vipande kwa makini, maana shafti za nusu, zile zinazotoka difu kwenda kila gurudumu, ndizo udhaifu wake unaojulikana, na ikivunjika moja, makombo hubaki ndani.

Kilichonisimamisha ni vitu ambavyo sumaku haikuvibeba. Nilipochuja oili kwa kitambaa cheupe zilibaki chembe za njano iliyokolea, chache lakini wazi kabisa chini ya taa. Hiyo ni shaba au bronzi. Niliamua kuitoa difu nione.

Kazi yenyewe ni nyepesi kuliko inavyosikika. Ekseli hii inabeba uzito wa gari kwenye ganda na habu, si kwenye shafti, kwa hiyo unafungua bolti za flanji, unavuta shafti za nusu nje kiasi, hata magurudumu yakiwa yamebaki mahali pake. Kisha propela shafti, kisha nati za mduara, kisha difu inatoka mbele. Ni nzito, weka kitu cha kuipokea. Meno ya kraunwili yana alama nzuri ya mgusano katikati ya jino, hayana mikwaruzo. Nyuma ya gia ndogo za sayari kuna washa za rangi ya shaba. Zimelika kidogo na nyuso zake zimekuwa na weusi wa kahawia.

Katikati ya wiki: namba za GL

Madaraja ya GL ni ya API, taasisi ya petroli ya Marekani. GL-1 ilikuwa oili ya madini isiyo na kemikali za shinikizo. GL-2 ilikusudiwa ekseli za gia ya parafujo. GL-3 ni kwa giaboksi na kwa beveli za meno yaliyopinda zenye kazi ya wastani. Hizo tatu, pamoja na GL-6 iliyokuja baadaye, hazitumiki tena kama madaraja hai, ingawa maandishi yake bado unayakuta kwenye makopo. GL-4 inaelezwa kuwa ya beveli za meno yaliyopinda chini ya kasi na mzigo wa wastani hadi mkali, au haipoidi chini ya hali ya wastani. GL-5 ni ya haipoidi hasa, ikiwamo mishtuko ya mzigo kwa kasi kubwa na nguvu nyingi za mzunguko kwa kasi ndogo.

Ukisoma maelezo hayo kwa utulivu utaona kwamba si ngazi ambayo kila kidato cha juu kinachukua nafasi ya cha chini. Ni kazi tofauti. Difu yangu, beveli ya meno yaliyopinda yenye mzigo mkali, imeelezwa katika GL-4 karibu neno kwa neno.

Tofauti kubwa ndani ya kopo ni kiasi cha kemikali za salfa na fosforasi. GL-4 kwa kawaida ina takriban nusu ya ile ya GL-5. Kemikali hizi hungoja joto. Pale jino linapolibana jingine, joto la sehemu ndogo kabisa hupanda ghafla, salfa na fosforasi huungana na uso wa chuma na kutengeneza ngozi nyembamba. Ngozi hiyo ndiyo inayokatika badala ya chuma chenyewe, kisha inajengwa upya kwenye mzunguko unaofuata.

Kwenye chuma hiyo ni kinga. Kwenye shaba, bronzi na brasi, salfa iliyo tayari kufanya kazi huungana pia, lakini bila haja. Ngozi nyeusi hujengeka, husuguliwa ikatoka, hujengeka tena, na kila mara kidogo cha washa kinakwenda. Kwa gari linaloegeshwa miezi likiwa na oili ileile, na magari ya zamani mengi huishi hivyo, kemia hiyo hupata muda mrefu.

Hapa ni lazima niwe wa haki kwa GL-5. Sifa yake mbaya kwa shaba inatokana zaidi na fomula za zamani. Watengenezaji wazuri leo hutumia salfa isiyoamka mpaka joto liwe kubwa, na huongeza kemikali za kulinda metali za njano. Kwa hiyo mtu mwenye difu ya haipoidi asiikimbie GL-5 kwa ajili ya washa mbili za shaba: meno ya haipoidi yakikosa kinga yataharibika kabla ya washa. Laiti hii ingekuwa Salisbury, ningemimina GL-5 bila kusita.

Upande wa pili kabisa yuko mwenye Peugeot 403 au 404. Ekseli za magari yale ni za gia ya parafujo, na gurudumu linaloendeshwa na parafujo hiyo ni la bronzi. Kule shaba ndiyo jino lenyewe, na oili ya haipoidi haina mahali.

Jaribio dogo la shaba

Kuna kipimo rasmi, ASTM D130. Ukanda wa shaba uliong'arishwa huzamishwa kwenye oili ya moto, kisha rangi yake hulinganishwa na kadi yenye daraja 1 hadi 4, kutoka mng'ao uliofifia kidogo hadi weusi. Kwa oili za gia hufanywa kwenye nyuzi 121 kwa saa 3. Mimi sina maabara, lakini ninaweza kulinganisha. Nilikata vipande vya shaba kutoka bati moja, nikavisugua kwa msasa laini, nikaviweka katika vitungi vya oili tofauti ndani ya maji yanayochemka, nje ya nyumba kwa sababu ya harufu.

Kipande kilichokaa kwenye oili ya zamani niliyoimwaga kilitoka kahawia iliyokolea. Cha GL-5 mpya kilipata rangi ya chungwa yenye madoa ya zambarau. Cha GL-4 kilififia tu. Nyuzi 100 si nyuzi 121, na kipande cha bati si washa inayozunguka, kwa hiyo sitadai kwamba nimepima maisha ya difu. Nimepata mpangilio wa nani anagusa shaba zaidi, na unalingana na kile kemia ilichotabiri.

Mnato: 90 ya leo na 90 ya jana

Namba za oili ya gia zina kipimo chake, SAE J306, na hazilingani na za oili ya injini. SAE 90 ya gia, ikiwa kwenye nyuzi 100, ina mnato wa sentistoki 13.5 hadi chini ya 18.5. Oili ya injini ya 40 ni 12.5 hadi 16.3, na ya 50 ni 16.3 hadi 21.9. Yaani ile 90 inayoonekana nzito sana kwa namba iko sawa na 40 au 50 ya injini.

Jambo ambalo mafundi wachache hulitaja ni kwamba mipaka hiyo ilibadilishwa. Kabla ya marekebisho ya 2005, daraja la 90 lilifika hadi sentistoki 24. Marekebisho hayo yalilikata na kuingiza daraja jipya la 110 juu yake. Kwa hiyo kitabu cha miaka ya 1960 kinaposema 90, kinaweza kuwa kinaelezea oili ambayo leo ingeitwa 110. Na oili za 80W-90 za kawaida mara nyingi hukaa sehemu ya chini ya daraja, karibu na 14 au 15.

Kwa difu yenye umri huu ninataka sehemu ya juu ya daraja. Nilisoma karatasi za data za watengenezaji, mstari wa mnato kwenye nyuzi 100 tu, nikaacha kila oili ambayo mtengenezaji wake haonyeshi tarakimu hiyo. Iliyonivutia ni 85W-90 ya madini yenye zaidi kidogo ya 17. Ile 85W inamaanisha imepimwa isigande kupita kiasi hadi nyuzi 12 chini ya sifuri. 80W hupimwa hadi 26 chini ya sifuri, na 75W hadi 40. Anayeishi kwenye baridi kali achague kwa asubuhi yake mbaya zaidi, kwa sababu oili iliyoganda haifiki kwenye beringi ya mbele ya pinyoni, na beringi hiyo hutegemea oili inayorushwa na kraunwili.

85W-140 niliiweka kando. Hupendekezwa sana kwa difu zinazolia, na kweli hupunguza sauti, lakini mlio wa difu ni taarifa. Ukilia unapokanyaga mafuta na kunyamaza unapoachia, angalia mkao wa pinyoni na kraunwili. Mngurumo usiobadilika kwa namna yoyote huelekea kwenye beringi. Oili nzito hufunika taarifa hiyo huku ikila nguvu na kuongeza joto.

Sintetiki ya 75W-90 ni oili nzuri sana. Sababu ya kuiacha ni sili zangu: ni za zamani, hazijabadilishwa zote, na oili ya mnato mdogo ikiwa baridi itapata kila upenyo.

Uamuzi

GL-4, 85W-90, ya madini. Na itaingia kote: giaboksi, transfa (sanduku la gia linalogawa nguvu kwa ekseli ya mbele na ya nyuma) na ekseli zote mbili. Kitabu kinataka oili ileile ya EP 90 katika sehemu zote hizo, na giaboksi ya IIA ina bushi za bronzi pamoja na pete za sinkroni, zinazolinganisha kasi ili gia iingie bila kukwaruza, kwenye gia ya tatu na ya nne. Pete hizo zinahitaji metali salama na pia msuguano wa kiasi fulani ili zishike, na hapo GL-5 hufanya vibaya zaidi kuliko kwenye difu. Kopo moja kwa gari zima maana yake hakuna siku mtu atakayemimina ya difu kwenye giaboksi.

Kemikali za ziada za difu zinazojifunga hazihitajiki. Hii ni difu ya wazi, haina sahani za klachi za kutuliza.

Jumamosi iliyofuata: kurudisha na kujaza

Washa mpya, gasketi mpya, sili mpya ya pinyoni. Ganda lilisafishwa kwa mafuta ya taa na kukaushwa kabisa. Tope la chini lilikuwa nene kuliko nilivyotarajia, na lingechafua oili mpya tangu siku ya kwanza.

Kisha kipumulio. Ni kivalvu kidogo juu ya ganda ambacho wengi hawajui kama kipo. Oili inapopata joto hewa iliyo ndani hutanuka, na kipumulio kikiziba, shinikizo huisukuma oili kupitia sili mpaka kwenye viatu vya breki. Changu kilikuwa kimeziba kwa tope gumu. Kabla ya kulaumu sili yoyote ya ekseli, pulizia hewa kipumulio.

Ekseli ya Rover inachukua takriban lita 1.75, Salisbury hunywa lita 2.5, kwa hiyo aliyekosea kuitambua ekseli hukosea pia kiasi cha kununua. Gari likiwa tambarare kabisa nilijaza polepole mpaka oili ikaanza kuchuruzika kwenye tundu, nikaiacha itulie, nikaongeza, ikachuruzika tena. Zaidi ya hapo ni kuilazimisha itoke kwenye sili.

Baada ya safari ndefu ya barabara kuu

Ganda la difu, kwa kipimajoto cha miale, lilisoma nyuzi 70 hivi mara tu baada ya kusimama. Sili ya pinyoni kavu. Mlio mdogo uliokuwepo kwenye mwendo wa kati bado upo, umebaki vilevile, na nitaufuatilia kwa kupima nafasi ya meno kama utaongezeka.

Oili hii ya kwanza sitaiacha ikae muda wote unaoruhusiwa. Nitaimwaga mapema, ikiwa moto, niichuje kwenye kitambaa cheupe kama mara ya kwanza. Chembe za njano zikiwa zimepungua, nitajaza ileile na kuhamia ekseli ya mbele, ambako oili hii pia inaingia kwenye maungio ya usukani na sili zake zinavuja pande zote mbili.